Kioo cha Mama na Ukuta wa Chokaa

Kwa muda wa miaka miwili na nusu tangu mama yetu alipotangulia mbele ya haki, kioo chake kikubwa kilikuwa kimeegemezwa tu ukutani katika chumba cha juu cha nyumba yetu ya Mji Mkongwe, Unguja. Kila aliyepanda ghorofani alijiona humo mzima mzima, kuanzia utosini hadi unyayoni, kisha akasema neno lile lile: "Maalim, hiki mbona hukiangiki?" Nami nilikuwa na jibu langu la kila siku, kwamba namsubiri fundi. Ukweli ni kwamba sikuwa nikimsubiri fundi. Nilikuwa nikiuogopa ukuta. Sababu ya hofu hiyo ndiyo ninayotaka kuwasimulia leo, ndugu zangu wapenzi wa lugha na ushairi, kwa kuwa katika kuitafutia dawa nimejifunza mambo mawili matatu juu ya uzito, juu ya maneno yetu, na juu ya mama.

Kioo chenyewe baba alimnunulia mama mwaka waliooana. Kina urefu wa mita 1.8 na upana wa sentimita 90, na kimezungushiwa fremu ya mninga iliyochongwa maua kwa patasi. Miaka yote hiyo hakuna aliyejua uzito wake. Tulijua tu kwamba watu wawili wakikibeba hupumzika mara tatu ngazini. Nilipoamua kuacha kubahatisha nilishika kalamu. Kioo cha unene wa milimita 1 na ukubwa wa mita moja ya mraba kina uzito wa kilo 2 na nusu. Chetu kina unene wa milimita 6, na eneo lake ni mita za mraba 1.62, kwa hiyo kioo peke yake, bila fremu, kinakaribia kilo 24 na nusu. Ongeza mninga wa pembeni na ubao wa nyuma, utafika kilo 40 bila ya kusukuma hesabu. Mfuko wa saruji ni kilo 50. Basi fikiri mfuko wa saruji uliopunguzwa kidogo, umefanywa mwembamba kama mlango, ukang'arishwa mpaka ukaonyesha sura yako, kisha ukatungikwa juu ya vichwa vya watu unaowapenda.

Vioo vya namna hii si vigeni katika nyumba za visiwa vyetu. Sayyida Salme, binti wa Sayyid Said, aliyejulikana baadaye kwa jina la Emily Ruete, amevitaja katika kumbukumbu zake zilizochapishwa mwaka 1886. Anasimulia vyumba vya Unguja vya utoto wake vilivyokuwa na zidaka kutani zenye vyombo vya kaure na bilauri, na baina ya zidaka hizo vioo vikubwa vilivyoagizwa kutoka Ulaya. Nilipokuwa nikisomesha, kila nilipofika hapo wanafunzi wangu waliuliza juu ya dhahabu na masuria. Hakuna hata mmoja aliyeuliza vioo vile vilishikwa na nini. Mimi nilijiuliza peke yangu, kimya kimya, kwa kuwa nilikuwa na deni.

Deni lilianza mwaka 1984. Nilikuwa kijana wa miaka 24, mwalimu mpya mwenye mshahara wa kwanza mfukoni na majivuno ya mtu ambaye sasa ni mwanamume wa nyumba. Ilikuwa siku moja kabla ya Idi. Mama aliniomba nimtafute fundi wa kumwangikia kioo chake juu ya kichwa cha kitanda. Nikamwambia, "Mama, fundi wa nini, na mimi nipo?" Nikatwaa msumari wa inchi 4 na nyundo, nikafunga waya mmoja nyuma ya fremu toka upande huu hadi upande huu, nikaukaza sana ili usionekane kwa juu, nikaupigilia ule msumari pale palipolainika kupigilika. Uliingia kwa urahisi kama kisu ndani ya boga, na mimi nikaudhani urahisi ule kuwa ni ustadi. Kioo kilikaa. Mama alinipa mkono wa Idi mara mbili.

Kilikaa miaka 11. Usiku mmoja wa masika, mvua ikiwa imenyesha siku nne mfululizo, kilianguka. Kilidondoka juu ya godoro kwa kishindo ambacho majirani walikidhania ni boriti. Godoro ndilo lililokinusuru kioo, kikabaki kizima, ila kona ya chini ya kushoto ya fremu ikameguka. Na mama alinusurika kwa kuwa wakati ule alikuwa amesimama pembeni mwa chumba juu ya msala wake, anasali isha. Nilipofika mbio nilimkuta ameshatoa salamu, anaitazama ile tundu ukutani, nyeupe, pana kama kiganja, vumbi la chokaa lingali linachuruzika. Hakunilaumu. Alisema tu, "Ukuta umechoka, mwanangu." Tangu siku hiyo kioo kiliegemezwa chini, na hakuna aliyethubutu kutaja msumari.

Hapa niruhusuni nisimame kidogo penye lugha, maana ndiyo kazi yetu hapa. Kiswahili kina vitenzi kadhaa vya jambo hili, na vinakaribiana lakini havilingani. Kuning'iniza ni kukiacha kitu kinining'inie, upepo ukija kiyumbe. Nguo huning'inia kwenye kamba, popo huning'inia mtini. Kutundika na kutungika ni kukipachika kitu juu, mahali pa kukishika. Kuangika ni kukiweka ukutani penye chango au msumari, kitulie. Neno hili lina jamaa zake ndani ya nyumba: chango cha kutungikia nguo, mwango na kiango vya taa. Lakini ana jirani pia, naye ni angama, kukwama juu, kuwa baina ya mbingu na ardhi bila ya kushikwa sawasawa. Kioo changu cha mwaka 1984 nilidhani nimekiangika. Kumbe nilikiacha kimeangama miaka 11, na mama amelala chini yake.

Lililonitoa katika uvivu wa hofu ni mjukuu wangu wa miaka 4. Alasiri moja alikuwa akicheza mbele ya kioo, akamwona mtoto mwenzake humo, akataka kumfuata kwa nyuma. Akaingiza mkono baina ya fremu na ukuta, akavuta. Sakafu ni ya kusuguliwa, inateleza. Nilikuwa mlangoni na kikombe cha chai. Nikaona juu ya kioo panaachana na ukuta, polepole kwanza, kama mlango unaosukumwa na upepo. Sikumbuki niliweka wapi kikombe. Kioo kiliinamia kasha la mbao lililokuwa karibu na kitanda, ukingo wake ukakamata hapo, kikasimama mshazari. Mtoto alikuwa chini yake, amechuchumaa, anacheka. Akaniambia, "Babu, amejificha!"

Jioni ile nilimpigia simu dada yangu mkubwa nikamwambia kwamba kesho naleta fundi, kioo kipande ukutani, potelea mbali. Akanyamaza. Kisha akasema, "Mdogo wangu, uangalie tu usikiweke juu ya kitanda. Wajua kwa nini mama alikihamisha kitanda chake?"

Nilijua, au nilidhani najua. Baada ya mkasa ule mama alikihamishia kitanda upande wa dirishani, akatuambia anafuata upepo wa bahari.

"Si upepo," dada akasema. "Aliniambia mimi. Alisema hawezi tena kulala chini ya ukuta ule, lakini wewe usiambiwe, utajiona umemtaka vibaya. Kioo kiko chini, ukutani hapana kitu, na bado hakuweza."

Mama aliishi miaka mingi baada ya usiku ule. Miaka yote hiyo niliingia chumbani mle asubuhi na jioni, nikamwamkia, nikafungua lile dirisha nikamsifia upepo wake. Naye akaitikia.

Fundi wa kwanza alikuja na keekee ya umeme na boksi la fisha. Kwa wasiolijua neno hili, fisha ni kile kizibo cha plastiki kinachotiwa tunduni ili parafujo ikiingia kitanuke na kushika. Mjerumani mmoja, Artur Fischer, ndiye aliyekitengeneza cha nailoni mwaka 1958, na jina lake likawa jina la chombo midomoni mwa mafundi wetu. Ukilifungua boksi la fundi utaikuta historia ya pwani yote imelala humo: msumari kutoka Kiarabu, parafujo kutoka Kireno, skrubu kutoka Kiingereza, nyundo yetu wenyewe. Lakini masikio yangu ya ushairi yalishtuka kidogo, kwani katika Kiswahili fisha pia ni kukitendea kitu kife.

Naye karibu aufishe ukuta. Aliitia keekee mahali pa kwanza alipopaona, ikazama. Akatia fisha, akatia parafujo, akaikaza kwa bisibisi. Parafujo ikazunguka, na fisha ikazunguka nayo, kama jino bovu ndani ya fizi. Akatoboa pengine, hali ikawa ile ile, ila safari hii donge la chokaa likabanduka na kutuangukia miguuni. Akasema hakuna tatizo, atapanua tundu, ajaze saruji, kesho itakuwa jiwe. Fundi huyu si mtu mbaya. Amezoea kuta za matofali ya saruji za nyumba mpya za mjini, na huko fisha zake hushika vizuri. Lakini nilikwishakusikia juu ya saruji katika nyumba zetu, nikamlipa ujira wake wa siku, nikamwomba asubiri.

Nikamwendea mzee mmoja fundi muashi aliyewahi kufanya kazi ya kutengeneza nyumba kongwe za mji huu. Alipanda ngazi kwa taratibu, akabisha hodi ingawa mlango ulikuwa wazi, akakitazama kioo, hakukigusa. Akaugeukia ukuta, akaanza kuugonga kwa kifundo cha kidole, hapa na hapa, sikio lake karibu.

"Maalim," akasema, "huu ukuta huwezi kuuita ukuta mmoja. Ni mawe ya matumbawe, kila jiwe na umbo lake, na baina yao kuna chokaa na mchanga na udongo mwekundu. Juu yake lipo vazi la lipu, na lipu haibebi kitu. Ni nguo tu. Sasa wewe mwaka ule uliupigilia msumari nguoni."

Nikamuuliza alijuaje habari ya msumari. Akaonyesha kiraka cha chokaa ambacho mimi mwenyewe nilikiziba mwaka 1995 na kukipaka rangi, nikidhani hakionekani.

Nikamuuliza juu ya saruji. Akanieleza kwamba chokaa hupumua. Nyumba hizi hunywa unyevu kutoka ardhini, na kutoka mvuani, na kutoka baharini, kisha huutoa nje kwa njia ya chokaa. Ukizibandika saruji unyevu hukosa pa kutokea, hujikusanya nyuma yake, chumvi hufanya kazi yake, na baada ya miaka michache saruji yako hubanduka pamoja na kipande cha ukuta. "Saruji ni ngumu kuliko mwenyeji wake," akasema. "Mgeni akiwa mgumu kuliko mwenyeji, nyumba haikai."

Kisha akaomba autazame waya wangu wa zamani, ambao ulikuwa bado umefungwa nyuma ya fremu. Akauvuta kwa kidole, akatikisa kichwa. Hapo ndipo nilipojifunza kosa langu la pili, ambalo nusu karne ya kusoma vitabu haikunifunza. Nilikuwa nimeukaza waya uwe bapa. Waya ukiangikwa kwa msumari mmoja hufanya umbo la paa la nyumba. Paa likiwa la mwinuko mkali, nyuzi 60 kila upande, kila mkono wa waya huvutwa kwa kilo 23 hivi kwa kioo cha kilo 40. Paa likishuka hadi nyuzi 30, kila mkono huvutwa kwa kilo 40 kamili. Likilazwa hadi nyuzi 15, kama langu, kila mkono huvutwa kwa karibu kilo 77. Kioo hakijaongezeka hata ratili moja, lakini waya na vishikizo vyake vinateswa karibu maradufu ya uzito mzima, kwa sababu tu kijana mmoja hakutaka waya uonekane. Wahenga walisema kamba hukatikia pembamba. Mimi nilizitengeneza pembamba tatu: waya bapa, msumari mmoja, na lipu.

Kazi yenyewe ilichukua siku tatu, na wengi wenu mna vioo, makabati na picha nzito majumbani, kwa hiyo nitaieleza.

Siku ya kwanza ilikuwa ya kuutafuta ukuta. Mzee alitumia keekee yenye ncha nyembamba, bila ya kuigongesha, akatoboa vitundu vidogo akitazama vumbi linalotoka. Vumbi likiwa jekundu na keekee ikizama kwa upole, hapo ni baina ya mawe, aliacha. Vumbi likiwa jeupe, lenye chengachenga, na keekee ikisukumwa nyuma, hapo ndani kuna jiwe. Alitia alama ya penseli. Hadi adhuhuri alikuwa na alama sita, zimetawanyika kama nyota, hakuna mbili zilizolingana. Nikamwambia, mzee wangu, sasa kioo kitakaaje sawa na mawe hayakupangwa sawa? Akacheka. "Mawe hayafuati ubao. Ubao ndio utakaoyafuata mawe."

Siku ya pili nikaelewa maneno hayo. Alichukua ubao mmoja wa mvule, mrefu kidogo kuliko nusu ya upana wa kioo, mpana kama shubiri moja, akaupasua kwa urefu wake kwa msumeno uliolazwa nyuzi 45. Akapata mbao mbili zenye kingo za mshazari zinazoingiana kama viganja viwili vinaposhikana. Mmoja ulikuwa wa ukutani, ukingo wake ukitazama juu na kuelekea ukutani. Wa pili wa nyuma ya kioo, ukingo ukitazama chini. Kioo kikishushwa, ubao wake huuingia ubao wa ukutani, na kadiri kinavyolemea ndivyo kinavyojivuta kuuelekea ukuta. Hakuna waya wa kukatika. Tena uzito haukai mbali na ukuta ukafanya kazi ya mtaimbo wa kung'olea misumari, umebanwa karibu. Na kwa kuwa ubao ni mpana, alitoboa tundu zake mahali mawe yalipo, nne kati ya zile alama sita, si mahali macho yalipopenda.

Tundu za ukutani alizitoboa ndani sana, zaidi ya sentimita 10, zipite lipu na kuingia ndani ya jiwe. Akazipuliza vumbi lote kwa pampu ndogo ya mkono, akazisugua kwa brashi, akazipuliza tena. Alisema gundi ikikuta vumbi itashika vumbi. Matumbawe yana vishimo vishimo kama sifongo, kwa hiyo alitia kwanza kifuko cha wavu, ndipo akajaza gundi ya kemikali ya mafundi, kisha akazamisha nondo zenye hesi, za chuma kisichoshika kutu. Hilo la kutu alilisisitiza. Upepo ule ule wa bahari ambao nilikuwa nikimsifia mama ndio unaokula chuma cha kawaida ndani ya kuta zetu, kimya kimya, mpaka siku yake.

Alipomaliza kuufunga ubao kwa nati, akiwa ameulaza sawa kwa pimamaji, nilikwishakuwaita vijana wanne wa jirani wapandishe kioo. Mzee akawarudisha. Gundi ilale usiku mzima, akasema. Na asubuhi ya siku ya tatu, badala ya kioo, akaomba mfuko wa saruji. Nilidhani amebadili mawazo. Kumbe aliufunga mfuko ule mzima, kilo 50, kwa kamba, akaushusha taratibu juu ya ubao, akauacha hapo. "Kinachoning'inia leo ni kitu cha dukani," akaniambia. "Kikianguka tutanunua kingine. Rudi baada ya magharibi." Sakafuni alitandaza godoro kuukuu. Nilikaa kwenye kiti siku nzima nikiutazama mfuko wa saruji kama mtu anayemwuguza mgonjwa.

Haukushuka hata unywele. Baada ya sala tukakipandisha kioo, watu watano, wawili pande, wawili chini, na mzee juu ya ngazi akielekeza. Kiliposhuka penye ubao kilitoa mlio mmoja mfupi, wa mbao kukutana na mbao. Chini yake mzee alikwishapigilia kibao chembamba cha kukikalia, ili sehemu ya uzito iteremke huko na isiachiwe ubao wa juu peke yake. Na pembeni akatia vishikizo viwili vidogo, ili mtoto akivuta kwa mbele au akisukuma kwa chini kisinyanyuke. Akashuka, akarudi nyuma hadi mlangoni, akafumba jicho moja. Akateremsha timazi. Kioo na uzi wake vikawa kitu kimoja.

Usiku ule niliwaza juu ya neno mizani. Tunalitumia kwa shairi na tunalitumia kwa duka, na miaka yote niliyosomesha niliwaambia wanafunzi kuwa katika shairi mizani ni idadi ya silabi. Si uongo, lakini si kweli yote. Idadi ni ya kujulia tu. Jambo lenyewe ni kuugawa mzigo. Beti inayouweka uzito wake wote katika neno moja zuri mwishoni, na kabla ya hapo imejaza maneno malaini yaliyopigilika kwa urahisi, hiyo ni kioo kwenye msumari mmoja. Itakaa, hata miaka 11, na watu wataisifu. Tatizo lake halionekani siku ya Idi. Linaonekana siku ya mvua. Nimezipitia tena tungo zangu za ujana kwa macho hayo, na nyingine nimeziteremsha ukutani.

Dada yangu alikuja Ijumaa iliyofuata. Nilimwonyesha kila kitu, ubao, nati, kibao, nikamtajia kilo na nyuzi. Alinisikiliza kwa subira. Kisha akasogea mbele ya kioo, akapitisha kidole penye ile kona ya kushoto iliyomeguka, ambayo sikuruhusu itengenezwe. Akaniuliza kitanda kimebaki wapi. Nikamwambia kiko dirishani, pale alipokiweka mwenyewe, na hapo kitabaki. Chini ya kioo nimeweka kasha, hakuna wa kulala hapo. Mzee naye ndivyo alivyoniusia, kwamba hata ukuuamini mkono wako vipi, usiuweke usingizi wa mtu chini ya kitu kizito kama kuna mahali pengine.

"Sasa angekurudishia kitanda," dada akasema.

"Nisingemkubalia," nikamjibu.

Alicheka, na katika kioo nikawaona wanacheka wawili, kwa maana dada amezeeka na sura ya mama. Amana niliyoachiwa sikuijua mpaka nilipoambiwa siri yake. Mama alinistahi kwa kunyamaza, akabeba yeye hofu ambayo ilikuwa yangu kuibeba. Simlaumu, lakini nimewausia wanangu kwamba wakiuona msumari wangu umelegea, katika ukuta au katika jambo lolote, waniambie mapema. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na kuna kuta ambazo mwenye haki ya kujengewa ameshaondoka.

Nimeziandika beti mbili, nazo nimezibandika nyuma ya ubao wa kioo, mahali atakapozikuta yeyote atakayekiteremsha siku moja:

Kioo usikitweke, hujaujua ukuta,
Gonga kwanza usikike, wapi jiwe utapata,
Uzito na ugawike, pengi panapokamata,
Pembamba pasikatike, kioo kikaja kata.

Leo kimekaa wima, kioo chake chumbani,
Mjukuu asimama, ajitazama usoni,
Namuona naye mama, nyuma yake kiooni,
Ukuta shika salama, amana i mikononi.